Nani alichagua kutembea?

Wasomaji wangu, mtaniwia radhi kwa kimya cha wiki hizi. Nilikuwa na kibarua, na kibarua chenyewe ndicho kimenirudisha hapa leo nikiwa na hasira. Nimejaribu kuilaza hii hasira siku tatu, imekataa kulala. Basi naiandika.

Kibarua kilikuwa hiki. Kampuni moja ya washauri (jina naliacha, na isitoshe sidhani wao ni wabaya kuliko wengine) ilinipa data ya dodoso la kaya za Nairobi. Nani anaishi mtaa upi, analipa kodi kiasi gani, anafanya kazi wapi, anafika huko vipi, kwa dakika ngapi na shilingi ngapi. Kazi yangu ilikuwa kuisafisha tu, halafu wao wailishe modeli inayotabiri watu watahamia wapi na watasafiri vipi barabara ikijengwa. Nilipewa karatasi moja ya maelekezo. Namba nne kwenye karatasi ilisema: ondoa safari za miguu. Nikaandika:

data = data[data.njia != "mguu"]

Mstari mmoja. Nikabonyeza Enter, safu zikapungua karibu nusu, nami nikaenda kujipikia chai.

Ile chai haikushuka vizuri. Nilikumbuka kwamba mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, nikiwa na digrii yangu ya kompyuta ndani ya bahasha ya kaki, nilikuwa nikitembea kutoka Huruma hadi Ngara asubuhi na kurudi jioni. Mwezi ulipoanza nilipanda matatu. Kuanzia tarehe kumi na tano hivi nilipanda viatu. Kama dodoso lile lingenikuta wakati huo, juzi ningejifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu, kwa malipo, tena kwa mstari nadhifu kabisa.

Kabla sijaendelea tuelewane kuhusu neno moja. Kwetu kodi ni pesa za mwenye nyumba, kodi ni pesa za serikali, na siku hizi kuna waprogramu wanaoita kodi hata kile tunachoandika kwenye kompyuta. Leo kodi ni ya nyumba tu. Kile cha kompyuta nitakiita msimbo, la sivyo tutapotea sote.

Haya. Modeli hizi zinafanyaje kazi? Usiogope, hesabu yake ni ya sekondari. Kila chaguo alilo nalo mtu unalipa alama. Matatu: unapunguza alama kwa kila dakika anayokaa njiani, unapunguza tena kwa kila shilingi anayolipa. Kutembea: dakika nyingi, shilingi sifuri. Gari lake: dakika chache, mafuta, maegesho. Ukishapata alama za kila chaguo, unachukua ile namba e ya darasani, unaipa kipeo cha alama, kisha unagawa kwa jumla ya zote. Unachopata ni uwezekano wa kila chaguo. Hiyo ndiyo lojiti. Na si usafiri tu. Nyumba pia huchaguliwa hivyohivyo. Bedsita ya Roysambu ina alama zake, chumba cha Pipeline kina zake, nyumba ya Kitengela ina zake, unaingiza kodi, umbali wa kazini, maji, shule, unagawa, basi.

Tena mimi ni shabiki wa hii kitu. Mtu aliyeisimamisha kwa miguu yake anaitwa Daniel McFadden, mchumi wa Berkeley. Miaka ya sabini walikuwa wakifungua treni mpya ya BART kule San Francisco, iliyoanza kazi 1972. Makadirio rasmi yalisema wasafiri 15 kati ya 100 wa kwenda kazini wangeipanda. Yeye na wenzake, kwa lojiti, wakasema 6.3. Treni ilipoanza, ikawa 6.2. Mwaka 2000 alipewa Nobeli ya uchumi. Tayari mwaka 1978 alikuwa ameonyesha jinsi hesabu hiyohiyo inavyoweza kutumika kwa uchaguzi wa makazi. Baadaye Paul Waddell, akiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akajenga UrbanSim, programu huria inayoigiza mji mzima mwaka baada ya mwaka: kaya zinahama, kampuni zinafungua ofisi, wajenzi wanajenga, kodi zinapanda. Siku hizi msimbo wake ni wa Python. Ukitaka unaupakua leo usiku na kesho unausoma ukiwa kwenye foleni ya Muthaiga.

Kwa hiyo sigombani na hesabu. Nagombana na neno moja lililojificha ndani yake, nalo ni "chaguo".

Chukua mfano huu, nimeutunga mwenyewe ili namba ziwe rahisi. Jirani yangu anafanya kazi ya kufua nguo mitaa ya wenye nacho. Matatu ni dakika 50 na shilingi 60. Kwa miguu ni dakika 75 na shilingi sifuri. Tuseme modeli imeamua kila dakika inaondoa alama 0.04 na kila shilingi inaondoa 0.02. Matatu inapata kasoro 3.2, miguu kasoro 3.0. Ukipiga lojiti, matatu ni asilimia 45 na miguu asilimia 55. Inaonekana vizuri. Inaonekana kama maisha.

Sasa mpe jirani huyo mfuko mtupu. Ni tarehe 20, mwajiri wake amesafiri, hana hata hiyo sitini. Modeli inasema nini? Asilimia 45 matatu. Haijui kwamba hana. Kwake yeye bei ni kero tu, kama vile jua kali ni kero: unavumilia kidogo, unapita. Mahali popote kwenye ule mlinganyo hapajaandikwa kwamba kuna siku shilingi 60 si kero bali ni ukuta.

Lakini hilo ni dogo. Subiri. Zile namba 0.04 na 0.02 hazishuki kutoka mbinguni, zinatafutwa kutokana na data. Modeli inaangalia watu walifanya nini, halafu inarudi nyuma kukisia wanathamini nini. Inamwona jirani yangu ametembea dakika 25 zaidi na kuokoa shilingi 60. Inaandika daftarini: kwa mama huyu, dakika 25 ni bei rahisi kuliko shilingi 60, yaani saa yake moja haifiki shilingi 144. Hivyo ndivyo inavyoitwa kitaalamu, thamani ya muda. Hakuulizwa kama angependa kupanda. Hakuulizwa kama miguu inauma. Alikosa nauli, na kukosa kwake kumeandikwa kama kupenda kwake.

Halafu daftari hilo linapelekwa kwa watu wa faida na gharama. Hapo ndipo hasira yangu inapoamka. Tuseme kuna miradi miwili. Wa kwanza ni njia ya miguu na kivuko, unaowaokolea watembea kwa miguu 1,000 dakika kumi kumi. Kwa ile thamani ya shilingi 144 kwa saa, faida yake kwa siku ni shilingi 24,000. Wa pili ni kupanua barabara, unaookoa dakika kumi kumi kwa wenye magari 1,000. Mwenye gari modeli imemwona akilipa pesa nyingi kuepuka foleni, kwa hiyo saa yake imeandikwa, tuseme, shilingi 600. Faida yake kwa siku ni shilingi 100,000. Watu ni walewale elfu, dakika ni zilezile kumi. Barabara imeshinda mara nne, na hakuna mtu hata mmoja chumbani aliyesema "sisi tunapendelea wenye magari". Ilisema kompyuta.

Na hapo ni kama watembea kwa miguu wameingizwa kwenye hesabu. Kwenye kibarua changu hata hizo 24,000 hazikuwepo. Nilikuwa nimeshazifuta.

Nilimpigia simu rafiki yangu, mhandisi wa barabara, tulisoma naye. Alinicheka. Akaniambia, "Bro, modeli haina siasa. Data ni data. Safari za miguu tunaziondoa kwa sababu haziongezi msongamano, na sisi tunatabiri msongamano." Nimelifikiria hilo jibu kwa haki kabisa, maana si la kijinga. Ukitaka kujua barabara itajaa magari mangapi, kwa nini uhesabu mtu asiye na gari?

Kwa sababu, ndugu yangu, mtu anayetembea leo ndiye abiria wa matatu wa kesho nauli ikishuka, na abiria wa leo ndiye atakayetembea kesho ikipanda. Tafiti za jiji hili zimerudia kwa miaka mingi kwamba safari zaidi ya 4 kati ya 10 za Nairobi ni za miguu. Huwezi kufuta sehemu kama hiyo ya jiji halafu useme unatabiri jiji. Unatabiri hicho kilichobaki. Na kilichobaki kwa bahati kinafanana sana na watu walioketi kwenye mkutano wa kuidhinisha mradi.

Pia, kama thamani ya muda haina siasa, mbona wengine wameamua tofauti? Uingereza, kwenye mwongozo wao wa kupima miradi ya usafiri, muda wa mtu akiwa nje ya kazi hupewa thamani ya wastani wa taifa, bila kuangalia kipato cha msafiri. Saa ya tajiri na saa ya maskini wakienda sokoni ni sawa. Si kwamba hawana data ya kuonyesha tofauti, wanayo. Walikaa, wakaona kwamba wakiitumia vile ilivyo, pesa zote zitafuata wenye pesa, wakaamua la. Huo ni uamuzi wa watu. Na kinyume chake pia ni uamuzi wa watu.

Sasa twende kwenye nyumba, maana huko ndiko mambo yanapooza kabisa.

Vitabu vinaanza na William Alonso, 1964: kaya inapima, ikae karibu na katikati ya mji ilipe kodi kubwa na nauli ndogo, au ikae mbali ilipe kodi ndogo na nauli kubwa. Kwa Nairobi ukitaka kuona hilo likifanya kazi usiende kwa profesa, nenda Mukuru. Mtu anakaa kwenye chumba cha mabati, maji ya mtungi, choo cha kulipia, kwa sababu kutoka pale anaingia Industrial Area kwa miguu. Kodi yake na nauli yake ni namba moja. Hawezi kuzitenganisha. Akihamia mtaa wenye maji ya bomba, ile nauli ya kila siku itakula tofauti yote na kuzidi. Amepiga hesabu hii kichwani bila Python, na amepata jibu sahihi.

Lakini angalia modeli inavyomwona anapotafuta nyumba. Kwa kuwa nyumba za mji ni nyingi mno kwa kompyuta, kawaida huchukuliwa sampuli: modeli inaokota nyumba thelathini hivi bila mpangilio kutoka mji mzima, inamwekea mezani, inamwambia chagua. Hii ni mbinu halali, McFadden mwenyewe alithibitisha mwaka 1978 kwamba kwa lojiti ukiokota hivyo namba zako hazipotoki. Ni sawa kwa hesabu. Kwa maisha, nani kati yenu aliwahi kupata nyumba hivyo? Mimi nyumba yangu ya sasa niliipata kwa sababu binamu yangu alikuwa akihama na akamnong'onezea keateka kabla kibao cha "Vacant" hakijatundikwa getini. Ile ya kabla yake niliiona nikipita kwa miguu. Watu wa kwetu wakija mji huu wanakaa walipo watu wao kwanza, kisha wanatafuta kuzunguka hapo. Sijawahi kuletewa nyumba thelathini mezani. Siku nyingine sijaletewa hata mbili.

Halafu dipoziti. Jamani, dipoziti! Modeli inaona kodi ni 10,000 kwa mwezi. Kipato ni 35,000. Inasema: anaweza. Haijui kwamba siku ya kuingia unadaiwa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti ya mwezi mmoja, wengine hata miwili, na dipoziti ya stima na maji, na mkokoteni wa kubeba kitanda. Unatakiwa uwe na elfu ishirini na tano mkononi siku moja. Kuna kaya zinazolipa kodi ghali zaidi kwa miaka mahali pabaya zaidi kwa sababu hazijawahi kuwa na hiyo elfu ishirini na tano kwa siku moja. Kwenye data zinaonekana zinapapenda pale. Miaka mitano hapohapo! Zinapapenda sana.

Na nauli. Kwenye ile data kulikuwa na safu moja ya nauli, namba moja kwa kila njia. Nilipoiona nilicheka peke yangu. Nauli ya Nairobi si namba moja. Njia yangu mimi asubuhi ni themanini, saa tano ni hamsini, jioni inategemea makanga ameamkaje, na mvua ikianza kunyesha saa kumi na moja ni mia na hamsini na hakuna wa kumlalamikia. Mtu anayepanga maisha hapangi kwa wastani, anapanga kwa siku mbaya. Anakaa mahali ambapo hata nauli ikigonga mia na hamsini anaweza kufika nyumbani kwa miguu. Weka wastani kwenye modeli, umefuta sababu yote ya yeye kukaa pale.

Kuna jambo jingine kuhusu hilo neno kaya. Kwa sensa ya 2019 kaya ya Nairobi ilikuwa na wastani wa watu 2.9, na ya Kenya nzima 3.9. Kaya za mji ni ndogo, na sehemu ya sababu tunaijua sote: mume yuko Pipeline, mke na watoto wako Kakamega au Makueni, na familia inaishi juu ya M-Pesa. Kwenye dodoso huyo ni "kaya ya mtu mmoja, bila watoto". Modeli inamchagulia bedsita karibu na kazi na kushangaa kwa nini hailipi. Hailipi kwa sababu nusu ya kipato chake ni karo ya shule iliyo kilomita mia nne kutoka hapo. Uamuzi wa mahali pa kuishi ulishafanywa, ulifanywa na watu wawili, na ulifanywa juu ya nyumba mbili.

Tena msisahau hii ramani tuliyopewa kujifunzia ilichorwaje. Chini ya mkoloni, Mwafrika hakuchagua mtaa wa Nairobi. Wazungu magharibi kwenye mwinuko, Wahindi katikati na Parklands, Waafrika Eastlands, na kipande shingoni. Miaka sitini na zaidi ya uhuru haijafuta mabomba ya maji na upana wa viwanja vilivyowekwa wakati ule. Ukiilisha modeli ramani hiyo, itakurudishia kwa upole kwamba kaya za kipato cha chini "zina mwelekeo" wa kukaa mashariki. Mwelekeo!

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kitu kidogo zaidi, na nilikikuta nikisoma muundo wa UrbanSim, si kwenye kibarua. Kaya ikihama, inatolewa kwenye nyumba yake na kuwekwa kwenye kapu la kaya zisizo na mahali. Kisha lojiti inapita na kuzichagulia nyumba mpya, moja moja, hadi kapu liishe. Kwa mpangaji wa Seattle aliyepata kazi mpya, sawa kabisa. Oktoba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Maelfu ya watu walilala nje, na wengine wakasimamisha mahema palepale juu ya vifusi. Kwenye msimbo hakuna kifusi. Kuna kapu, na kapu lina urefu wa sifuri mwisho wa mwaka. Kila mtu amepata alichochagua.

Siulaumu msimbo. Aliyeuandika hakuwahi kuandikia Mukuru. Nawalaumu sisi, tunaoupakua, tunabadilisha majina ya mafaili kutoka Seattle kuwa Nairobi, na kutuma ankara.

Kuna mwingine atanijibu kwamba lojiti ina tiba za haya yote. Unaweza kugawa bei kwa kipato, ili shilingi ya maskini iume zaidi. Unaweza kumfungia mtu chaguo asilo nalo. Unaweza kuyaweka machaguo yanayofanana kwenye kiota kimoja, ili usikumbwe na kile kituko maarufu cha basi jekundu na basi la bluu. (Kwa wasiokijua: tuseme nusu ya watu wanatembea, nusu wanapanda matatu. Chukua nusu ya hizo matatu uzifanye nganya, na grafiti na taa za zambarau, uiambie lojiti hii ni njia mpya ya usafiri. Itakwambia theluthi wanatembea, theluthi matatu, theluthi nganya. Watu wameacha kutembea kwa sababu ya rangi!) Najua tiba zipo. Nimezisoma. Lakini dawa kuwa kabatini si mgonjwa kupona. Kila tiba inahitaji swali jipya kwenye dodoso: jana ulikuwa na nauli? ulipata wapi dipoziti? nyumba hii ulionyeshwa na nani? Maswali hayo yanagharimu siku za watafiti mitaani, na siku hizo ndizo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Kwenye dodoso nililolisafisha kulikuwa na maswali sita kuhusu gari. Kuhusu viatu hakuna.

Wengine watasema basi tutupe modeli zote, turudi kwa akili ya kawaida. Hilo nalo nalikataa, na kwa nguvu. Hoja hiyo ni ya zamani, Douglass Lee aliandika taazia ya modeli kubwa za miji mwaka 1973 na bado ziko hai. Na mimi najua kinachokuja modeli ikitupwa: mtu na kalamu nyekundu juu ya ramani kwenye hoteli. Angalau modeli mbaya ina mstari ambao naweza kuuonyesha kwa kidole na kusema huu hapa. Kalamu nyekundu haina mstari wa kuonyesha.

Ndiyo sababu kudai kwangu ni kwa mprogramu, si kwa mwanasiasa. Hiyo misimbo itoke nje. Barabara ya mabilioni ikizinduliwa tunaonyeshwa picha za kompyuta, miti ya kijani, watu wembamba wakitembea kwenye njia pana za miguu ambazo baadaye hazijengwi. Mimi sitaki picha. Nataka lile faili la uzito, lenye dakika na shilingi, na nataka kuona kama kuna mstari unaoanza na data na kuishia na mguu. Thika Road ilipozinduliwa 2012 ikiwa na leni nane, watu waliendelea kuikimbia kwa miguu wakikwepa magari kwa muda mrefu, kwa sababu madaraja ya kuvukia yalikuwa machache na mbali. Huku Roysambu, Kahawa na Ruiru zikajaa maghorofa na kodi zikapanda, na waliokuwa wakitembea kwenda kazini wakasogea ndani zaidi, mbali zaidi na lami. Modeli inayoshikilia watu pale walipo kwa miaka ishirini na kubadilisha barabara tu haiwezi kukuonyesha hilo hata ikiendeshwa mara elfu.

Na msiniambie haiwezekani kupata data ya wazi mji huu. Mradi wa Digital Matatus, wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na MIT na Columbia, ulituma wanafunzi ndani ya matatu na simu zao, wakarekodi vituo na njia zaidi ya mia moja, na Januari 2014 ramani ikatoka hadharani na data yake ikaachwa wazi kwa yeyote. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa akisema matatu haziwezi kuchorwa, ni fujo tupu. Kumbe fujo ina njia na vituo. Nusu ya programu za nauli tulizojaribu kuandika chuoni zilikula data ile. Wanafunzi wakaweza kupanda kila matatu. Kutembea na mama mmoja kutoka Kawangware hadi Lavington na kumuuliza maswali manne tutashindwa?

Nimalizie na kibarua changu. Niliirudisha ile safu ya miguu, nikawatumia mafaili mawili, lenye miguu na lisilo na miguu, na barua fupi ikieleza tofauti. Walijibu siku hiyohiyo, kwa adabu, wakisema watatumia la pili kwa sababu modeli yao haina pa kuweka safari za miguu. Malipo yaliingia Ijumaa. Nimelipa kodi.

Data yenyewe si yangu kuitoa na sitaitoa. Lakini wikendi hii nimeandika upya skripti ya kusafisha kutoka mwanzo, kwa data ya kubuni, ikiwa na safu ya miguu, safu ya dipoziti, na nauli yenye namba tatu badala ya moja: asubuhi, mchana na mvua. Haijakamilika na ile sehemu ya kaya zenye nyumba mbili bado inanipiga chenga, kila nikimwongeza mke wa Kakamega kompyuta inamhamishia Pipeline. Nitaiweka hapa Jumatatu. Aliye na wazo la kumwacha huyo mama nyumbani kwake anisaidie.